Osha Taa Kabla ya Magharibi

Saa hizi ni saa kumi na moja na kitu, jua limeanza kulegea, na najua wapo wanaotusikiliza wakiwa ndani ya magari. Yupo aliyetoka Mwingi anaikaribia Ukasi. Yupo aliye sokoni anapakia mbuzi awafikishe Nairobi kabla hakujapambazuka. Yupo ndugu yetu wa pikapu ya miraa, anakimbizana na saa mzigo usinyauke. Mazungumzo ya leo ni yenu. Nataka tuzungumze juu ya taa za mbele za gari, na hasa juu ya kile kinachokaa kwenye kioo cha taa hizo: vumbi, tope na wadudu.

Nianzie mbali kidogo, kisha nirudi nyumbani. Nyumba nyingi hapa Garissa zina mtu wao Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, au Toronto kule Kanada. Minnesota ndilo jimbo la Marekani lenye Wasomali wengi kuliko mengine yote, na wengi kati yao wanakula kwa usukani: teksi, na yale malori makubwa yanayovuka jimbo hadi jimbo. Mpigie simu jamaa yako mwezi wa Januari, umuulize habari za barabara. Atakwambia kwamba asubuhi, kabla gari halijasogea, anaondoa theluji kwenye paa, anaiondoa kwenye vioo, halafu anaiondoa kwenye taa. Hapo kwenye taa ndipo ninapotaka utege sikio. Sheria ya jimbo lile inataka taa ziwashwe theluji ikianguka, hata kama ni adhuhuri. Lakini taa iliyofunikwa na theluji, hata ikiwashwa, inamulika nini? Inamulika theluji iliyoifunika, basi.

Na miaka ya karibuni madereva wa kule wamekutana na jambo jipya. Taa za zamani, zile za balbu yenye uzi unaowaka ndani, hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto. Joto lile lilikuwa linapasha kioo cha taa, theluji ikitua inayeyuka, inachuruzika, mambo yanaendelea. Zikaja taa za LED. Zinang'aa, hazili umeme mwingi, zinadumu. Lakini kioo chake cha mbele kinabaki baridi. Theluji ikitua hapo inakaa, nyingine inakuja juu yake, na baada ya mwendo taa imezibwa kabisa. Dereva wa lori hana budi atafute mahali salama, asimame, ashuke katika baridi ile, apanguse taa, apande tena. Mbele ya safari anafanya hivyo tena. Wasweden waliliona tatizo la taa kuchafuka zamani, hata kabla ya LED. Katika miaka ya 1970 magari yao ya Saab yalikuwa tayari na waipa ndogo za kupangusa taa za mbele.

Utaniuliza, sasa sisi na theluji wapi na wapi? Theluji ya Kenya iko juu ya Mlima Kenya, na hakuna lori linalopita kule. Ni kweli kabisa. Ila sisi tuna vumbi.

Tuna vumbi la njia ya Dadaab hadi Liboi. Tuna vumbi la njia za pembeni huko Bura, Masalani na Ijara. Ukitoka kwenye lami tu, gari lililo mbele yako linakuachia wingu zima, na wewe unaingia ndani yake ukiwa umefunga vioo na kuwasha taa. Ukitoka upande wa pili, kila kitu kimebadilika rangi: boneti, vioo vya pembeni, kope za tanboi aliyekaa juu ya mzigo. Na taa? Taa nayo imebadilika rangi. Tofauti ni kwamba kioo cha mbele unakipiga waipa na maji papo hapo, kwa sababu usipofanya hivyo huoni. Taa huziangalii, kwa sababu umekaa nyuma yake.

Hili ndilo jambo langu la leo, na nitalirudia: dereva haoni taa zake mwenyewe. Theluji angalau inajitangaza. Nyeupe, nzito, inaziba kwa mara moja. Vumbi linakuja kidogo kidogo, tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, na jicho linazoea. Mwanga unapungua nawe unaendelea kuendesha, ukidhani usiku wa leo ni mweusi kidogo kuliko wa jana. Taa inaweza kupoteza sehemu kubwa ya mwanga wake na dereva asihisi kitu. Akiulizwa atajibu, "Taa zangu ziko sawa, zote zinawaka." Kuwaka zinawaka. Lakini mwanga unafika wapi?

Kuna na hili la pili. Uchafu kwenye taa hauzuii mwanga tu, unautawanya. Taa ya gari imetengenezwa kwa hesabu: ukiwa kwenye dimu, mwanga uinamie barabarani na upande wako wa kushoto, usimpige usoni anayekuja. Weka vumbi pale, au tope, na ile hesabu inavurugika. Mwanga mmoja unakwenda juu, mwingine pembeni, mwingine moja kwa moja machoni mwa mwenzako. Kwa hiyo wewe huoni mbele na yeye umempofusha. Anadhani umemwekea fulu kwa ujeuri, naye anakurudishia fulu yake. Mmepishana hapo kwa kubahatisha, wote wawili, na labda mmoja wenu amebeba abiria hamsini.

Sasa tuseme habari za jioni ya kwetu. Garissa iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Jua letu linazama saa kumi na mbili na kitu, Januari hadi Desemba, na likizama halisubiri mtu. Kule Minnesota siku za kiangazi machweo yanajikokota na mwanga unabaki muda mrefu. Hapa, kama dakika ishirini hivi baada ya jua kutua, giza limeshuka. Na dereva anayekwenda Nairobi jioni amekuwa akitazamana na jua hilo njia nzima, kwa sababu anaelekea magharibi. Macho yamechoka kwa kukunjamana. Giza linamkuta na macho hayo yaliyochoka, na taa zenye vumbi la mchana kutwa.

Ni kitu gani kinachomngoja kwenye giza hilo? Wewe wa Bangale, kando ya barabara hiyo ya Nairobi, unajua kuliko mimi. Kuna ngamia. Kuna mbuzi waliochelewa kurudi bomani, na mtoto anayewafuata. Kuna punda wa mkokoteni wa maji, hana taa wala kiakisi, na mwenye mkokoteni anatembea ubavuni kwake upande wa barabara. Kuna bodaboda. Kuna twiga pia. Watu wa Bour-Algi, hapo kusini mwa mji, wanaishi nao na wanajua kwamba twiga havuki barabara kwa kuitazama saa.

Nikae kidogo kwa ngamia. Ngamia ni mrefu na miguu yake ni myembamba. Ukiwa kwenye dimu, mwanga wako unaishia chini, kwenye miguu ile, nayo ina rangi ya mchanga ule ule uliolala kando ya lami. Mwili uko juu ya mwanga. Macho yako juu zaidi, kwa hiyo hupati hata ule mng'ao wa macho unaokuonya kwamba kuna mnyama. Gari dogo likimgonga, linakata miguu, na mwili wote, kilo mia kadhaa, unaangukia kioo cha mbele na paa. Watu wa Oman na Saudia wanaijua ajali hii vizuri, maana na wao wana barabara ndefu zilizonyooka na ngamia wasio na habari. Dereva na abiria wa mbele ndio wanaoumia, shingo na kichwa. Na mfugaji naye amepoteza mnyama aliyekuwa akinywesha familia maziwa.

Hebu tufanye hesabu ndogo, moja tu, sitawachosha. Matatu na malori kikomo chao kisheria ni kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, kila sekunde moja inayopita, gari limekula zaidi ya mita 20 za barabara. Mpaka umeona, umeshtuka, umekanyaga breki, na gari limesimama, kwenye lami kavu, umekwenda mita 60 hivi, na ukiwa na mzigo zaidi ya hapo. Dimu safi inakuonyesha karibu umbali huo, tena kwa shida. Je, dimu yenye vumbi? Inakuonyesha yule ngamia wakati breki haikusaidii tena. Dereva anayesema "alinitokea ghafla" mara nyingi anasema kweli kama alivyoona yeye. Ngamia alikuwa amesimama pale muda mrefu. Mwanga ndio uliochelewa kumfikia.

Msimu wa mvua nao una mambo yake. Gu na deyr, mvua zetu mbili za mwaka, zote mnazijua. Mnakumbuka Novemba 2023, na tena Aprili 2024, jinsi maji ya mto Tana yalivyokata barabara hapo ng'ambo, upande wa Mororo, magari yakalala foleni, watu wakavushwa kwa mashua. Maji yakiisha yanaacha tope. Tope la Ijara, lile jeusi linalonata, likirukia taa halianguki. Na hapa ile balbu ya joto, iliyokuwa ikimsaidia mtu wa Minnesota kuyeyusha theluji, kwetu inafanya kazi nyingine kabisa: inakausha tope na kulioka juu ya kioo mpaka liwe gamba. Halafu mvua ya kwanza huwatoa kumbikumbi. Wanapenda mwanga, wanakuja kwa maelfu, wanapasuka kwenye taa na mafuta yao yanagandia pale. Asubuhi yake ukipitisha kidole kwenye taa unashika utando unaonata. Usiku unaofuata utando huo unasubiri vumbi.

Basi tufanye nini? Watu wengi wanatoa kitambaa kikavu wanasugua. Hilo nakuomba, ndugu yangu, uliache leo. Kile tunachokiita kioo cha taa, kwa magari ya siku hizi si kioo, ni plastiki ngumu yenye ngozi nyembamba juu ya kuikinga na jua. Mchanga wetu ni mgumu kuliko plastiki ile. Ukisugua vumbi kavu unakwaruza taa, mistari midogo midogo usiyoiona mchana, na usiku kila mkwaruzo unatawanya mwanga. Fanya hivyo mwaka mzima, taa inakuwa na ukungu usiotoka tena.

Mwaga maji kwanza. Yashuke na mchanga. Halafu ndipo upitishe kitambaa chenye maji, polepole, kutoka juu kwenda chini. Taa mbili za mbele na mbili za nyuma, chupa ya maji ya lita moja inatosha na yanabaki. Najua maji ni nini katika nchi hii yetu. Najua kuna mama anayenunua mtungi kwa bei inayouma. Sikwambii uoshe gari zima. Gari lako likiwa jekundu kwa vumbi kutoka boneti hadi bampa halitaua mtu. Osha taa.

Tope likishagandia, au kumbikumbi, usikwangue kwa kisu wala kwa kucha. Lowesha kitambaa, kibandike juu ya taa, kiache pale ukinywa chai yako. Ukirudi vimelainika, vinatoka vyenyewe. Wala usisafishe kwa petroli, wala kwa tina ya rangi. Zinang'arisha dakika ile, lakini zinaila plastiki, na baadaye inaanza kupasuka nyufa nyembamba kwa ndani. Kama taa imeshakuwa ya manjano kwa jua, na jua letu halina huruma, fundi wa jua kali anaweza kuipiga msasa laini wa maji na kuing'arisha. Dawa ya meno pia inasaidia kidogo, watu hawadanganyi. Lakini ile ngozi ya kinga ikishaondoka, manjano itarudi haraka usipoipaka kinga nyingine. Muulize fundi kabla hujamlipa.

Na taa za nyuma! Hizi tunazisahau zaidi, na ndizo zinazochafuka zaidi. Gari likienda mbio, hewa inajikunja nyuma yake na kuvuta vumbi lote lijibandike mgongoni. Angalia nyuma ya lori lolote lililotoka Dadaab. Namba ya gari husomi, viakisi havionekani, taa ni vidoti viwili vyekundu vilivyofifia. Sasa lori hilo lipate pancha usiku kati ya Ukasi na Bangale, lisimame nusu ndani ya lami. Anayekuja nyuma ataliona kwa kitu gani? Taa ya mbele inakusaidia wewe uone; ya nyuma inamsaidia mwenzako akuone wewe.

Niwaambie pia habari ya gari la jicho moja. Balbu moja imeungua, au taa moja imezibwa na tope, umebaki na moja. Anayekuja mbele yako anaona mwanga mmoja, anasema moyoni, hiyo ni bodaboda, ina nafasi yake ndogo. Anakaa katikati ya barabara. Kumbe ni Land Cruiser, na ubavu usio na mwanga ndio unaomwelekea. Ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, huangalia taa, ndiyo, na ni vizuri. Lakini ukaguzi ni siku moja katika mwaka, na vumbi ni la kila siku.

Sasa, lini? Hapa nina pendekezo, na ndilo nililokuja nalo hasa leo. Wengi wetu tukiwa safarini tunasimama kwa swala ya Magharibi. Gari linaegeshwa pembeni, watu wanashuka, wanachukua udhu, wanaswali, wanarudi. Swala hiyo inaingia saa ile ile jua linapozama, yaani dakika chache kabla hujahitaji taa zako kwa dhati. Kusimama umeshasimama. Maji umeshayatoa. Watu wameshashuka. Chupa moja zaidi ibaki kwa ajili ya taa, na tanboi au kondakta azioshe kabla abiria hawajapanda. Hata kama wewe huswali, au dini yako ni nyingine, saa ni ile ile na giza ni lile lile. Simama nao, nyoosha miguu, osha taa.

Nasema hivi kwa sababu desturi inayoshikamana na jambo ambalo watu tayari wanalifanya ndiyo inayodumu. Tumeona kampeni za barabarani zikija na mabango na fulana, zikaondoka. Kuosha taa wakati wa Magharibi hakuhitaji bango. Kunahitaji dereva mmoja aanze hapo stendi, na wa pili amwone.

Nyinyi matanboi na makondakta, hii ni kazi yenu na ni kazi ya heshima. Dereva amekaa, haoni. Wewe uko chini, unaona. Mwambie, "Dere, ngoja kidogo, nimwagie taa maji." Akisema twende tumechelewa, mwambie tena. Na wewe dereva, kijana akikwambia hivyo usimfokee, anaokoa roho yako pamoja na yake. Na mama uliyepanda na watoto wako kwenda kumwona mgonjwa Nairobi, umelipa nauli; una haki ya kuuliza, "Mwanangu, taa hizi mmeziosha?" Uliza kwa upole, lakini uliza. Abiria watatu wakiuliza safari moja, safari inayofuata hataulizwa mtu, zitakuwa zimeshaoshwa.

Jambo moja la mwisho kwa wanaopita usiku kwenye vizuizi vya polisi. Ukikaribia, weka dimu mapema, punguza mwendo, washa taa ya ndani. Askari aliyesimama pale gizani anakutazama kupitia mwanga wako. Taa chafu inamtawanyikia usoni hata ukiwa kwenye dimu, naye hajui wewe ni nani. Taa safi inamwezesha akuone vizuri, na mkaachana salama.

Muda wangu unaisha, na jua nalo linakwenda. Wewe uliye njiani sasa hivi, huna haja ya kusubiri kesho wala kusubiri gereji. Tafuta mahali papana, toka nje ya lami, zima gari, shuka na chupa yako. Mwaga maji, pangusa za mbele, zunguka nyuma upanguse na zile. Kisha umpigie simu rafiki yako aliye nyuma yako njiani, umwambie naye asimame. Safari njema, na tukutane wiki ijayo saa kama hii, inshallah.